Miaka mitano ya kungoja

Basi la kutoka Siena, Italia, lilipopita Buonconvento likaanza kupanda, na mizabibu ikajaa pande zote, mistari imenyooka kama iliyopigwa kamba. Mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu wa Dodoma. Sikubanduka dirishani mpaka tuliposhuka Montalcino, kilimani, mita 564 juu ya usawa wa bahari.

Ngome yao ya mwaka 1361 ni nzuri, ila tuliipita haraka. Nilikuja kwa ajili ya Brunello, mvinyo mwekundu wa hapo.

Mdogo wangu anayesoma Siena ndiye aliyekuwa mkalimani. Mzee mwenye shamba alitushusha ghalani, kwenye ubaridi na giza, mapipa ya mwaloni makubwa kama matangi ya maji ya shule. Ilikuwa Oktoba, mavuno yamekwisha, harufu ya zabibu zinazochachuka imetanda kila mahali. Brunello, alisema, ni zabibu aina ya Sangiovese peke yake. Mvinyo wake hulala kwenye mwaloni miaka 2 au zaidi, kisha kwenye chupa, na sheria hairuhusu uuzwe mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno.

"Na hiyo miaka yote mnakula nini?" nikauliza.

Akagonga pipa jingine. Rosso di Montalcino: zabibu zilezile, lakini huuzwa mwaka unaofuata. Hilo ndilo linalolipa vibarua.

Nilipomwambia kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, akamtaka mdogo wangu arudie. Mzabibu unapumzika lini? Nikamweleza hatuna majira ya baridi. Tunaupogoa, unachipua upya. Nikamwambia pia kwamba mizabibu ya Dodoma ililetwa na wamisionari wa Kiitalia. Sikumficha na lililo chungu: zabibu zikiiva na mnunuzi asije, zinaozea shambani. Nimemwona baba akilia kwa ajili hiyo. Mzee huyu ana hekta chache tu, lakini pipa ni lake. Hilo ndilo nililomwonea wivu.

Mkewe alituandalia tambi za pici, ambazo Montalcino huziita pinci: unga na maji, uzi mmoja mmoja umeviringishwa kwa viganja, na mchuzi mzito wa nguruwe mwitu. Mkate wa Toscana, mkoa huu, hauna chumvi. Wageni wengi huulalamikia. Mimi niliuelewa kwa tonge la kwanza. Ugali nao hautiwi chumvi, chumvi imo kwenye mboga. Hapa ilikuwa kwenye mchuzi na kwenye jibini la maziwa ya kondoo, na nilifuta sahani kwa mkate mpaka mama yule akaniongeza.

Brunello niliweza kununua chupa moja tu. Nimeizungushia khanga katikati ya begi. Mzee alisisitiza nisiifungue upesi, niiache miaka 10. Baba ana miaka 78. Tutaifungua jioni nitakayofika.