Kidepo wakati wa kiangazi: kaeni Narus, simba waacheni

Tangu nirudi Gulu kutoka mbuga ya Kidepo swali ni lile lile, kuanzia chumba cha walimu mpaka kwa mama anayeniuzia simsim sokoni: "Mwalimu, mmeona simba?" Tumeona. Majike wawili juu ya mwamba, wamelala kama watu waliokwisha kupokea mshahara. Wakajigeuza upande wa pili, basi. Nikishasema hivyo watu huondoka wameridhika, nami nabaki na yote niliyotaka kuwasimulia.

Kidepo iko Karamoja, kwenye pembe ile ya kaskazini mashariki ambako Uganda inapakana na Sudan Kusini, na Kenya nayo haiko mbali. Ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa 1962, mwaka wa uhuru wetu, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,442. Anayetoka Kampala atavuka Nile pale Karuma, apite Gulu, apite Kitgum, na baada ya hapo ni vumbi: Orom, Karenga, mpaka getini. Sisi walimu tulichanga pesa tukakodi Land Cruiser kuukuu ya mtu. Kiyoyozi hakuna. Kumbukeni hilo, litarudi tukifika kwa mbung'o.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili ndicho tulichogombania mpira nacho. Kwa hiyo askari wa wanyamapori aliyepanda garini na bunduki yake, Mdodoth wa upande wa Kaabong, nilipomwita tu "afande" akanigeukia na kutabasamu. Kuanzia hapo wenzangu waliendelea na Kiacholi chao kiti cha nyuma, na sisi wawili tukawa na safari yetu mbele. Mengi ninayoyaeleza hapa ni yake.

La kwanza alilonifundisha ni maji. Mbuga ina mabonde mawili. Mto Kidepo, ulioipa mbuga nzima jina lake, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, mweupe, na mivumo mirefu imejipanga kando. Narus, upande wa kusini, hubakiza madimbwi hata jua linapokuwa kali kabisa. Kuanzia Desemba hadi Machi nyasi zinakauka, na kila mwenye kiu anateremkia Narus. "Sasa mtu anazunguka kutafuta nini?" afande aliniuliza. Dereva wetu, kijana wa haraka, alikuwa amesikia kuna simba ng'ambo ya kilima na mguu wake uko kwenye mafuta. Afande akamwambia azime injini.

Tukakaa. Nyati walianza kuteremka saa nne hivi. Sijui niwaeleze vipi wingi wao: waliotangulia walikwisha kunywa na kulala matopeni, na mkia wa kundi bado unashuka mlimani, vumbi juu. Tembo wakaja wakatikisa masikio tu, nyati wakasogea. Kongoni, kuro, taya wale swala wadogo, ngiri na watoto wake wameinua mikia. Punda milia walisimama kando kusubiri zamu, na hapo afande akanionyesha kitu ambacho peke yangu nisingekigundua: wengi wa punda milia wa Kidepo hawana yale manyoya ya shingoni. Wamenyolewa na Mungu, akasema.

Twiga nao wana historia. Miaka ya 1990, baada ya vurugu na bunduki za Karamoja, walibaki wa kuhesabika kwa vidole. Wakaletwa wengine kutoka Nakuru, Kenya, na 2018 wakahamishwa wengine kutoka Murchison Falls. Tuliwaona wakila miiba bila haraka yoyote. Duma hatukumwona, ingawa Kidepo ndiko watu huenda kumtafuta katika nchi hii. Mwalimu wa hesabu alilalamika. Mimi sikuona hasara.

Kesho yake tukaenda Kanangorok, penye chemchemi ya maji moto, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, na huko ndiko kwenye mbung'o. Wanapenda buluu iliyokoza na nyeusi. Mwalimu wa hesabu alivaa shati la buluu. Ukifunga dirisha unaiva, ukifungua unaliwa, na yeye aliliwa kwa niaba yetu sote. Chemchemi yenyewe, nisiwadanganye, ni ndogo, mtu hawezi kufunga safari kwa ajili yake. Lakini uwanda ule, mbuni wanakimbia, milima ya Sudan imesimama mbele kama ukuta! Nendeni kwa ajili ya njia.

Tulipita pia Katurum, hoteli iliyoanza kujengwa juu ya mwamba enzi za Idi Amin na kuachwa magofu. Mandhari ya kifalme, wapangaji wake mijusi.

Usiku tulilala kwenye banda za Apoka, kambi iliyo ndani ya mbuga. Unga na maharage yetu tulimkabidhi mpishi wa kambi. Ukisikia kitu kinatafuna nyasi ukutani, usitoke kuuliza ni nani.

Jambo moja lilinikaa. Afande alinyoosha kidole kwenye Mlima Morungole akasema Waik, kabila dogo la huku, wanaishi kule. Zamani waliwinda katika bonde hilihili tulilokuwa tukipigia picha. Mbuga ilipoanzishwa wakafungiwa nje, wakabaki na mashamba ya milimani, na njaa ikawapata. Vipeperushi vya watalii huwataja kama kivutio cha kupanda kwenda kukiona. Nilimuuliza afande kama wanapenda kutembelewa. Akasema inategemea mgeni kaja na adabu gani.

Mkitaka kwenda: jazeni mafuta Kitgum, bebeni pesa taslimu na maji, vaeni rangi ya udongo na mikono mirefu. Mtanzania na Mkenya wasiogope bei, sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na ni nafuu mno kuliko ya wageni. Likizo ya Desemba tunapanga kupanda Morungole kwa miguu, na nafasi garini zipo. Mwalimu wa hesabu ameshasema haji.