Nilidhani kesi ni yangu, kumbe mi ni shahidi tu

Nilipigwa nikaporwa usiku natoka kazini, kijana akakamatwa wiki ileile na mkoba wangu anao, nikasema basi yameisha. Wapi! Ilichukua mwaka na miezi, na sehemu kubwa ya huo muda nimekaa kwenye benchi la korido la mahakama nasubiri kuitwa.

Kosa langu la kwanza nilidhani mwendesha mashtaka ni wakili wangu. Namfuata namwambia "kesi yetu", akanisikiliza vizuri tu halafu akasema, dada, mi namwakilisha serikali, wewe ni shahidi wangu. Iliniuma aisee. Kipigo nile mimi, mkoba wangu, halafu kesi si yangu? Ila nilipoelewa hivyo ndo nikaacha kukaa nyumbani kungoja nipigiwe simu, nikaanza kuuliza mwenyewe.

Nikaanza na daftari. Namba ya jalada la polisi na namba ya kesi mahakamani ni vitu viwili, mi nilimsumbua karani asubuhi nzima na namba ya polisi anatafuta haoni, hadi akanionea huruma akatafuta kwa jina la mshtakiwa. Halafu kila nikipewa tarehe nauliza, ni ya kutajwa au ya kusikilizwa? Maana ya kutajwa dakika tano wanaahirisha, shahidi huwa hahitajiki kabisa, na mi nilishaomba ruhusa kazini mara tatu kwa ajili ya dakika tano tano hizo.

Dhamana sasa. Hakuna aliyeniambia kijana katoka, nilimuona tu amesimama ng'ambo ya barabara ananiangalia, miguu ikafa ganzi. Wiki hiyohiyo zikaanza meseji za ndugu zake, eti tuyamalize kifamilia, mara nisipofuta kesi nitaona. Shangazi yangu ndo aliyenizuia kujibu, akasema usijibu wala usifute hizo meseji. Nikazipiga skrinishoti nikampelekea afande mpelelezi, na mwendesha mashtaka akaomba mahakama iongeze sharti la dhamana kwamba mshtakiwa asinisogelee wala asitumie mtu kuniongelesha. Meseji zikakoma. Kumbe sharti hilo ningeweza kuliomba tangu mwanzo, sema nani angenambia!

Hapo ndo nikaanza kusoma. Kuna azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 kuhusu waathirika wa uhalifu, linasema mwathirika aheshimiwe, aelezwe nafasi yake kwenye kesi na maendeleo yake, alindwe asitishwe, asicheleweshwe bila sababu, na apate fidia. Si sheria inayombana mtu moja kwa moja, kila nchi ina yake, ila lilinipa ujasiri wa kuomba, kwa sababu nilikuwa naona kama naomba fadhila.

Siku ya ushahidi niliomba vitu viwili. Kwanza nisikae benchi moja na familia yake, wakaniweka kwenye kachumba ka mafaili, vumbi tupu, ila nilikaa na shangazi yangu nikapumua. Pili niliomba kusoma maelezo niliyoandikisha polisi kabla sijaingia, na hili nakwambia usiliache. Nilikuta nilisema kijana alivaa koti la bluu iliyoiva na kichwani mwangu muda wote huo lilishageuka jeusi. Wakili wa utetezi alikuja kuning'ang'ania palepale kwenye koti, karibu nusu saa, mara taa zilikuwepo, mara ulikuwa umbali gani, mara una uhakika gani. Mwendesha mashtaka alishanionya, jibu ulichoulizwa, usibishane, na kama hukumbuki sema sikumbuki, hilo nalo ni jibu. Nililisema mara nne. Nililia pia, hakimu akanipa muda, nikanywa maji nikaendelea.

Akatiwa hatiani. Risiti za hospitali na za simu mpya nilikuwa nimezikusanya kwenye bahasha, nikampa mwendesha mashtaka kabla ya adhabu ili aombe fidia, maana sehemu nyingi usipoomba hapo inabidi ufungue kesi ya madai peke yako uanze moja. Fidia iliamriwa, ila kuamriwa ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine, mpaka leo inakuja kwa vipande.

Mkoba wenyewe sikupewa siku ya hukumu, ulikuwa kielelezo, yaani sehemu ya ushahidi, ikabidi kwanza muda wa kukata rufaa upite. Nilipoenda kuuchukua bado ulikuwa na kikaratasi cha namba kimefungwa kwa kamba, nikasaini, nikaufungua palepale kaunta. Ndani kulikuwa na mwavuli, na funguo za kitasa nilichokwisha kukibadilisha siku nyingi.