Nilivyofika Litherland Town Hall bila basi la watalii

Kila niliyemwambia naenda Liverpool kwa ajili ya Beatles, ile bendi ya Kiingereza, alinipa jibu lilelile, nenda Cavern, klabu waliyokuwa wanapiga, panda basi la watalii, piga picha mtaa wa Penny Lane, umemaliza. Mi sikutaka hayo. Cavern yenyewe ya mwanzo ilifungwa 1973, hii ya sasa imejengwa upya miaka ya themanini. Nilichotaka ni Litherland Town Hall, ukumbi wa mji wa Litherland, kaskazini mwa Liverpool, Beatles walipopiga usiku wa 27 Desemba 1960.

Wadau, mjue jamaa walikuwa wametoka kupiga Hamburg, Ujerumani, wamechoka kweli. George Harrison alirudishwa kwao kwa kuwa alikuwa na miaka 17, mdogo mno kupiga kwenye klabu za usiku, Paul McCartney na Pete Best wakatimuliwa kwa kesi ya kuwasha moto mahali walipokuwa wanalala, Stuart Sutcliffe akabaki hukohuko ikabidi gitaa la besi apige Chas Newby, mwanafunzi aliyekuwa likizo. DJ Bob Wooler ndo aliwapigia debe kwa promota Brian Kelly, malipo pauni 6 bendi nzima! Matangazo yanasema wametoka Hamburg moja kwa moja, wengine ukumbini wakadhani ni Wajerumani. Sasa watu waliozoea kupiga masaa manne na nusu kila usiku, wikiendi sita, unategemea nini? Paul alipofungua na wimbo wa Little Richard, mwanamuziki wa rock wa Marekani, watu wakaacha kucheza wakakimbilia jukwaani, na Kelly akaweka mabaunsa mlangoni ili mapromota wengine wasiwafikie vijana.

Haya, safari. Kuna mtu alinihakikishia kabisa eti town hall iko Bootle, shuka Oriel Road. Nikashuka, mvua inanyesha, natembea nafika naona jengo la maana kweli ila ni town hall ya Bootle, siyo ya Litherland! Nilikasirika sana, kama hujui si useme hujui. Nikarudi kwenye treni, vituo viwili mbele, Seaforth & Litherland. Vijana niliowauliza habari za Beatles wote wananirudisha mjini. Ndo nikabadilisha swali, maana nilishasoma kwamba ule ukumbi saa hivi ni kituo cha afya, nikamfuata mama mmoja mtu mzima kituo cha basi nikamwomba anielekeze zahanati iliyokuwa town hall. Akanielekeza Hatton Hill Road palepale, akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi mama, natafuta walipopiga Beatles. Akaweka mfuko wa sokoni chini, akanionyesha kwa miguu, juu ya lami iliyolowa, jinsi walivyokuwa wanacheza jaivu, dansi ya rock, enzi za usichana wake. Basi lake likaja akaliacha liende!

Nilipofika nikasimama nje muda mrefu, wagonjwa wanaingia na kutoka, mi nimefurahi kupita kiasi. Hapo walipiga mara 20, ya mwisho 9 Novemba 1961, na mchana wa siku hiyohiyo Brian Epstein, aliyekuja kuwa meneja wao, ndo aliwaona Cavern kwa mara ya kwanza. Halafu mtu anakwambia huko hakuna cha kuona.

Treni ni Northern Line kutoka Liverpool Central, nauli pauni chache tu. Ulizeni kituo cha afya, msiulize Beatles, na picha pigeni nje, ndani mule kuna watu wanaumwa.