Johnny Cage Hakufufuka

Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha pili mjini Tanga, na jioni nilikuwa na kazi ambayo mama yangu hakuipenda hata kidogo: kutafsiri mikanda katika kibanda kimoja cha video huko Ngamiani. Kibanda chenyewe kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki moja, na pazia jeusi mlangoni la kuzuia mwanga pamoja na macho ya waliotaka kuchungulia bure. Mwenye kibanda, ambaye nilimwita mjomba ingawa hatukuwa na undugu wowote, alinilipa kwa kuniacha niingie bila kiingilio na kwa soda moja siku ambazo watu walijaa. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, tena cha darasa lenye upungufu wa vitabu, lakini ndani ya mabati yale nilihesabiwa kuwa msomi, na nikisema kwamba fulani amesema hivi, basi amesema hivyo.

Hakuna mkanda tuliouonyesha mara nyingi kuliko Mortal Kombat ya mwaka 1995, filamu ya ngumi iliyotokana na gemu ya video, mpaka sauti yake ikawa inakwaruza. Kisa chake alikielewa hata asiyejua neno moja la Kiingereza. Kuna mashindano kisiwani. Dunia yetu ikishindwa mara kumi mfululizo inatwaliwa na ulimwengu wa pili, na tayari imeshashindwa mara tisa. Liu Kang anakwenda kisiwani humo kwa sababu mdogo wake ameuawa na mchawi Shang Tsung. Robin Shou, aliyecheza Liu Kang, ndiye aliyekuwa stelingi, lakini kipenzi cha benchi la mbele alikuwa Johnny Cage, yule mwigizaji mwenye majivuno aliyechezwa na Linden Ashby. Goro, jitu la mikono minne, alipomvunjia miwani yake na Cage akasema kwamba ile ilikuwa miwani ya dola 500, mimi niliibadili bei kuwa shilingi, zaidi ya laki tatu, na kila mara watu walipiga kelele kana kwamba miwani ni yao. Kabla ya hapo Cage alikuwa amekwisha kupiga msamba na kumtwanga Goro ngumi mahali ambapo hapatajwi mbele ya wakwe. Nilijua kuitafsiri hata ile ngumi.

Filamu hiyo inakwisha vibaya kwa makusudi. Washindi wamerudi nyumbani wakicheka, mara anga linafunguka, Shao Kahn mwenyewe, mtawala wa ule ulimwengu wa pili, anatokea mkubwa kama mlima, wao wanajiweka tayari kupigana, na picha inakatika. Kwa hiyo tangu mkanda ule uingie mtaani, hakuna wiki iliyopita bila mtu kuniuliza kama sehemu ya pili imefika.

Ilifika siku moja ya Ijumaa kwa basi kutoka Dar es Salaam, ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Mjomba alinipa chaki na ubao kabla yeyote kati yetu hajaitazama, nami nikaandika kwa herufi kubwa: MORTAL KOMBAT SEHEMU YA PILI, WOTE WAPO. Hayo maneno mawili ya mwisho niliyatunga mimi. Kijana mmoja aliyekuwa akishinda kwenye nyumba iliyokuwa na mashine ya Sega, ambako tulilipa kwa kila mchezo, alisimama mbele ya ubao akanionya kwamba sehemu ya pili ya filamu imefuata gemu ya tatu, na katika gemu ya tatu Cage hayumo. Nilimjibu kwamba gemu ni gemu na picha ni picha. Sikufuta kitu.

Kiingilio kilikuwa shilingi mia, na usiku ule watu waliketi mpaka chini, mbele ya benchi la kwanza, magoti yakigusa meza ya televisheni. Muziki ulipoanza na lile jina kutajwa kwa ukelele, chumba kizima kikaitikia. Kisha anga likafunguka palepale lilipokuwa limeachwa, na matatizo yangu yakaanza.

Raiden, mungu wa radi, hakuwa yule wa kwanza. Tulimzoea Christopher Lambert na sauti yake ya mikwaruzo. Huyu alikuwa James Remar, mtu mwingine kabisa, na nywele ndefu nyeupe za Raiden zilionekana kama ameazima. Nyuma yangu mtu aliuliza, "Huyu nani?" Nikajibu bila kufikiri kwamba ni kaka yake yule wa kwanza. Wakanyamaza. Sonya, yule askari wa kike, naye alikuwa amebadilika, sasa akichezwa na Sandra Hess, na kabla sijaulizwa nikasema kwamba amekata nywele. Cage hakuwa Ashby tena, ila miwani na dharau vilikuwepo, kwa hiyo wakamkubali kwa shingo upande, na ndiyo kwanza walikuwa wameanza kumzoea, pale Shao Kahn alipomkamata na kumuua mbele ya wenzake, filamu ikiwa haijamaliza hata dakika kumi.

Sijawahi kusikia kibanda kile kikiwa kimya namna ile. Mjomba aliniangalia kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni, mkono wake ukiwa juu ya kopo la hela. Nilifanya jambo ambalo mtafsiri hapaswi kulifanya: nilimwekea Raiden maneno mdomoni. "Raiden amesema msiwe na wasiwasi," nikatangaza, "Cage atafufuliwa mwishoni." Uongo wenyewe haukuwa wa kijinga, maana Shao Kahn alikuwa ametoka tu kumrudisha Sindel, mama yake Kitana, yule binti mfalme aliye upande wa Liu Kang, kutoka kwa wafu, na kama adui anaweza kufufua, kwa nini mungu wa radi ashindwe? Pumzi zikatoka. Watu wakakaa kumsubiri Cage.

Baada ya hapo chumba kiligawanyika vipande viwili. Vijana wa Sega walishangilia kila mlango ulipofunguka, kwa sababu kila mlango ulileta mtu waliyemjua kwa vidole vyao: Motaro mwenye mwili wa farasi, Sheeva wa mikono minne, Cyrax, Nightwolf, Jade, Mileena. Walimtaja kila mmoja kwa jina kabla mimi sijafungua kinywa, na ikawa kana kwamba wao ndio watafsiri. Watu wazima waliona msururu wa wageni wasiojitambulisha. Scorpion alipotokea na kumteka Kitana, dereva mmoja wa lori alilalamika, kwa haki kabisa, kwamba Scorpion alikwisha kuuawa na Cage mbele ya macho yetu katika sehemu ya kwanza. Sub-Zero angalau filamu ilimtolea maelezo, kwamba ni mdogo wake yule Sub-Zero aliyekufa katika sehemu ya kwanza, na kwa mara ya kwanza usiku ule nilitafsiri jambo la kweli nikaonekana nadanganya.

Pigo lililonimaliza lilitoka kwa Raiden mwenyewe. Karibu na mwisho anakiri kwamba Shao Kahn ni ndugu yake, na kwamba baba yao ni Shinnok. Sikuwa na njia ya kuruka maneno hayo, kwa kuwa nyuso zao zilisema kila kitu, hivyo nikayatafsiri. Mzee mmoja fundi baiskeli, ambaye hakukosa mkanda wa ngumi hata mmoja na ambaye nilimwamkia kila jioni, alinigeukia taratibu. "Mwanangu," akasema, "yule kaka yake mwingine, wa mkanda wa kwanza, yeye baba yake ni nani?"

Kicheko kilichofuata kilifunika mazungumzo yote ya Shinnok. Kilikuwa hakijaisha Liu Kang alipogeuka joka kupambana na Shao Kahn, aliyegeuka dude lenye vichwa vingi, na hapo hata aliyekuwa hana kinyongo alicheka, kwa sababu madude yale ya kompyuta yalionekana kama yamekatwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kioo. Kijana wa Sega alisimama akipiga kelele kwamba ndivyo ilivyo, kwamba kwenye gemu Liu Kang anageuka joka kweli. Alikuwa sahihi, ila hakuna aliyemsikiliza.

Maandishi ya mwisho yakaanza kupanda. Kwa kawaida watu huinuka hapo na kupigania mlango, lakini usiku ule hakuna aliyeinuka. Walikuwa wanamsubiri Cage. Maandishi yakapanda, yakapanda, yakaisha, televisheni ikabaki na chenga, na watu zaidi ya sitini wakaendelea kuzitazama chenga zile kwa adabu, mpaka mtoto mmoja aliyeketi chini akauliza, "Sasa Cage yuko wapi?"

Sitayarudia yote niliyoambiwa. Wapo waliodai mia yao, na yupo aliyedai mia mbili kwa sababu alikuwa amekuja na mdogo wake. Kilichonishangaza ni kwamba, baada ya kunimaliza mimi, walianza kuuhukumu mkanda wenyewe, na hukumu zao hazikufanana. Dereva wa lori alisema ngumi zenyewe hazina kasoro na miguu ya Liu Kang haijachoka, jambo ambalo nakubaliana naye hata leo, kwani Robin Shou ndiye aliyepanga mapigano katika filamu hiyo ya pili. Vijana wa Sega walisema ni bora kuliko ya kwanza kwa hesabu tu ya watu waliomo. Mama aliyeuza karanga mlangoni, ambaye alidhaniwa hatazami, alisema kumgaragaza Sonya kwenye matope ni kumvunjia heshima mwanamke aliyemshinda jambazi Kano katika sehemu ya kwanza. Mzee fundi alingoja wote wamalize. "Ule wa kwanza," akasema, "mtu akipigwa nilijua amepigwa kwa nini. Huu wanaingia, wanapigana, wanatoka, kama watu wanaogombea basi."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba John R. Leonetti, aliyeiongoza filamu hiyo ya mwaka 1997, ndiye aliyekuwa mpiga picha mkuu wa ile ya kwanza, na kwamba ya pili ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 30, fedha nyingi kuliko ya kwanza, ikaingiza takriban milioni 51 duniani kote, ilhali ya kwanza ilikuwa imeingiza zaidi ya milioni 120. Niliposoma tarakimu hizo sikuwafikiria watu wa Marekani. Niliona mabenchi yale na chenga zile.

Mjomba hakurudisha fedha. Alipanda juu ya benchi akaahidi kwamba kesho yake ataonyesha sehemu ya kwanza bure, akanishusha kazi ya ubao papo hapo, na soda sikupewa. Kesho yake walikuja wote, hata waliotukana. Nilikaa pembeni nikiwa tayari kutafsiri, lakini hakuna aliyenihitaji. Bei ya miwani waliitaja wenyewe, kwa shilingi, kwa sauti moja, tena wakiwa wameipandisha. Liu Kang alimshinda Shang Tsung, roho ya mdogo wake ikaagana naye, wanne wale wakarudi nyumbani wakicheka, Cage akiwa hai. Anga lilikuwa linataka kufunguka.

"Zima hapo!" mzee fundi akasema.

Mjomba akazima.