Siku Yangu na Korja Sita za Kanga

Saa 11 alfajiri. Nikishasali natoka uani. Beseni mbili za kanga zimerowekwa tangu jana, maji yamekuwa meupe kwa wanga. Nasuuza mara tatu. Kanga mpya ni ngumu, na hizi zitagusa ngozi ya mtoto mchanga, kwa hiyo hapa sina haraka.

Saa 3. Nafungua duka, Mchangani. Kwenye rafu ya nyuma zipo korja sita, doti 120, zilizoninyima usingizi tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Jina, yale maandishi ya kanga, lilikuwa liwe WEMA HAUOZI. Kiwandani wakachapa WEMA HAUOSI. Aliyeniuzia kwa jumla alikataa kuzirejesha. Rangi zinapendeza, pamba safi, lakini mwanamke wa Unguja husoma jina kabla hajauliza bei. Mimi nilizinunua shilingi 9,000 doti. Nikazishusha hadi 6,000, na bado zikaachwa palepale.

Nilipata njia siku mpwa wangu alipojifungua. Chumba kizima kanga: za kumfunika mtoto, za winda, yaani nepi, za kumfunga mama tumbo. Hakuna hata mmoja aliyesoma jina. Nikasema, wateja wangu ndio hawa.

Saa 5. Kwa fundi cherehani. Katika doti, kanga moja tunaikunga ikabaki nzima, ya kumfunikia mtoto na baadaye mbeleko. Ya pili tunaikata: mji, ile sehemu ya kati, unatoa winda mbili, sentimita 60 kwa 70. Pindo ndefu mbili tumeziunga ncha kwa ncha ziwe mkaja, mshipi wa kumfunga mzazi tumbo, karibu mita tatu. Nimeridhika nao sana.

Saa 8 mchana. Namfikia mkunga wetu wa mtaani, mtu mzima aliyezalisha nusu ya majirani zangu. Baada ya shikamoo namwekea furushi mapajani. Anazipapasa winda, anatikisa kichwa kukubali. Akifika kwenye mkaja ananirudishia.

"Mwanangu, huu mwembamba. Utajikunja uwe kamba, umkate mzazi. Tumbo lataka kitu kipana."

Sikubishana naye. Hilo nilipaswa kumuuliza kabla ya kushika mkasi.

Saa 9 na nusu. Narudi kwa fundi. Safari hii tunaziweka pindo mbili ubavu kwa ubavu, upana maradufu. Ule ukanda wenye jina tunaushonea kwa ndani kuupa mkaja nguvu, na pindo fupi za pembeni zinakuwa vifungo. Hakijabaki hata kipande cha kutupa! Mshono 2,500, sabuni na mfuko 500. Jumla 12,000 kwa furushi. Nitauza 15,000.

Saa 11 jioni. Mkunga anaufunga juu ya nguo zake, anauvuta, anapumua. "Huu sawa. Niletee mafurushi matano, nina wazazi watatu mwezi huu na wawili ujao."

Saa 2 usiku. Nimeroweka doti kumi nyingine, nimefunika beseni kwa ungo.