Jumatatu yangu kwenye dirisha la rekodi, Malaba

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua chumba cha rekodi. Mimi si daktari wala nesi, ingawa kila anayefika dirishani huniita musawo, yaani daktari kwa Kiganda, nami nimeacha kubishana. Kazi yangu ni rejista: nani kaja, katoka kijiji gani, ana miaka mingapi, kaonekana ana nini, kapewa dawa gani. Kituo chetu cha afya ni cha daraja la tatu, mpakani na Kenya, upande wa Uganda. Benchi la asubuhi lina Kiteso, Kijopadhola, Kiganda, na Kiswahili cha madereva wa kila bandari na kila barabara.

Saa 2. Jumatatu ni ya ripoti ya wiki, naituma kwa simu. Ya mwezi ndiyo nzito. Hiyo huishia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo ambao Uganda iliutandaza nchi nzima mwaka 2012. Ukutani nimebandika grafu ya malaria: miaka 5 iliyopita inaonyesha kiwango cha kawaida, mwaka huu nauchora kwa kalamu nyekundu. Nyekundu ikipanda juu ya kawaida, wilaya inaamka. Watu wakisema akili mnemba itatabiri milipuko ya magonjwa, mimi huitazama grafu hii. Kompyuta inaweza kuchanganya mvua, joto na hesabu za vituo vya jirani kwa pamoja, kazi ambayo kalamu yangu haiiwezi. Lakini italishwa nini? Rejista hii hii, ambayo kwenye safu ya umri kuna mtu kaandika "mkubwa".

Saa 4. Dereva wa lori kutoka Mombasa. Anatumia dawa za TB, zimebaki za kesho tu, na karatasi za forodha zimemkwamisha. Kadi iko nyumbani.

"Dada, mimi dawa nachukulia Changamwe, kwetu Mombasa. Wananijua vizuri sana."

Huko wanamjua. Hapa ni mtu mwenye kikohozi na maneno yake. Tabibu hawezi kumpa vidonge bila kujua yuko mwezi wa ngapi katika matibabu ya miezi 6, wala hawezi kumwacha akae bila dawa, maana kukatiza ndiko kunakozaa TB sugu. Tukapiga simu, haikupokelewa, tukapiga tena, mwisho sauti ya nesi ikatusomea kadi yake. Asubuhi nzima imekwenda kwa jambo ambalo faili linalovuka mpaka lingelimaliza kabla hajaketi.

Na si ndoto. Mwaka 2020, wakati wa korona, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kufuatilia madereva na mizigo, na majibu ya vipimo yakawa yanasomeka kwenye simu hapa mpakani. Nilipomkumbusha, dereva akaguna. "Sawa, lakini hii ya TB tajiri wangu asiione."

Neno lake limekaa kichwani kuliko yote ya leo. Uganda na Kenya zote zilipitisha sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na ya kwetu inaziweka habari za afya katika kundi lenye ulinzi wa ziada. Ila sheria haikai dirishani. Nakaa mimi, na nyuma yangu mlango haufungi vizuri.

Saa 6. Maabara. Foleni ya vipimo vya malaria. Slaidi ya damu iliyo ngumu kusoma inaweza kula nusu saa kwenye hadubini. Watafiti wa Makerere, akiwemo Rose Nakasi, wametengeneza njia ya kuvalisha simu kwenye hadubini ili programu itafute vimelea kwenye picha ya damu. Mwenzangu wa maabara anaipenda, na anapenda zaidi kukumbusha kwamba watu wa maabara ndio waliokaa kuiwekea alama picha moja moja hadi mashine ikajifunza.

Saa 7. Posho, yaani ugali, na maharage.

Saa 9. Mama mjamzito kaja na daftari jipya la shule, ndilo kadi yake ya kliniki. La zamani mtoto kafanyia hesabu. Mwezi uliopita aliandikwa kwa jina la ukoo, safari hii kwa jina la ubatizo, na herufi zimebadilika. Kwenye karatasi zetu ni wajawazito wawili, na yule wa kwanza anahesabiwa amepotea kliniki. Mashine inayolinganisha majina, umri na kijiji ingeshuku kwamba ni mtu mmoja. Mimi nimemjua kwa sauti.

Saa 11 jioni. Wilayani wanapiga simu kuuliza tungehitaji nini wakileta tableti. Nimewaambia betri ya sola kwanza. Halafu namba moja ya mgonjwa inayosomeka Malaba na Mombasa. Na kila faili linapofunguliwa, jina la aliyefungua libaki pale pale, ili dereva akiniuliza kama tajiri wake ameona, nimwonyeshe.