Siku Nilipochomoa Diski ya Kwanza

Seva yangu ya nyumbani ilikuwa imetumia diski moja tu ya SSD kwa muda mrefu. Juu yake kulikuwa na Proxmox, mfumo endeshi wa kuendeshea mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja. Ndani yake zilikuwemo kadhaa: moja inatunza picha za familia, nyingine inachuja matangazo kwenye mtandao wa ndani, zilizobaki ni za majaribio, hata zikifa hazina kilio. Nakala rudufu zilikuwepo kwenye kompyuta nyingine, kwa hiyo sikuogopa sana kupoteza data. Nilichoogopa ni ile kazi ya kusimika kila kitu upya, tena siku ambayo sikuichagua mimi.

Nafuu ni kwamba tangu mwanzo nilikuwa nimechagua ZFS, mfumo wa faili uliotoka kwa wahandisi wa Sun Microsystems, ambao msimbo wake uliachiwa umma mwaka 2005. ZFS haina shida kuanza na diski moja kisha ikapewa pacha baadaye, yaani diski ya pili inayobeba data ileile, bila kufuta chochote. Gharama inajulikana: unanunua mbili, unatumia nafasi ya moja. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz walipozipanga aina za RAID, yaani njia za kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, mpango huu wa pacha waliuweka namba moja, na hadi leo ndio ninaouamini kuliko yote kwa seva ndogo.

Diski ya pili niliitafuta ya kampuni nyingine kwa makusudi, maana zilizotoka kiwandani pamoja na kufanya kazi ileile zinaweza kuchoka pamoja. Sharti langu lilikuwa moja, isipungue ukubwa wa ile ya kwanza.

Kwa amri ya `sgdisk` nilinakili mpangilio wa sehemu za diski ya zamani kwenda kwenye mpya, nikaipa mpya vitambulisho vyake yenyewe. Hapo nilikaa kimya nikikagua majina ya diski, kwa sababu amri hiyo ukiigeuza, diski tupu ndiyo itakayoifundisha ile iliyojaa. Nilitumia majina marefu yenye namba ya utambulisho ya kila diski. Yale mafupi, sda na sdb, yanaweza kubadilishana mashine ikiwashwa upya.

Ikafuata amri yenyewe, `zpool attach`. Ina jirani yake hatari, `zpool add`. Ya kwanza inaiweka diski mpya ubavuni mwa ile ya zamani, kila moja ikiwa na data yote. Ya pili inaongeza nafasi tu na kugawa data baina ya diski mbili, hivyo ikifa moja, hifadhi nzima imekwenda. Nilisoma mstari wangu taratibu, kisha nikabonyeza. Mashine pepe ziliendelea kufanya kazi wakati asilimia za kunakili zikipanda kwenye `zpool status`, amri inayoonyesha hali ya hifadhi, na hazikupanda polepole kama nilivyodhani, kwani ZFS inanakili palipo na data tu, haihangaiki na nafasi tupu. Mwishowe diski zote mbili zikaandikwa ONLINE.

Ungedhani kazi imeisha. Lakini Proxmox huigawa diski yake sehemu tatu, na ni ya tatu tu iliyo ya ZFS. Ya pili, ndogo, yenye mfumo wa FAT, ndiyo ambayo ubao mama unaisoma ili kuanza kuwasha seva, nayo haimo kabisa kwenye upacha ule. Diski ya kwanza ingekufa, data ingekuwa salama ndani ya seva isiyowaka! Nikatumia `proxmox-boot-tool`, kwanza `format`, kisha `init`, kwenye sehemu ya pili ya diski mpya. Tangu hapo kila kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo endeshi, inapoingia, inanakiliwa pande zote mbili.

Sikutaka kuamini maandishi ya skrini. Nilizima seva, nikachomoa diski ya kwanza, nikawasha. Ilichelewa kidogo, au labda ni mimi niliyekuwa na haraka, kisha menyu ikatokea na mashine pepe zikaamka moja baada ya nyingine. Picha zilifunguka. `zpool status` ikasema DEGRADED, yaani hifadhi inafanya kazi ikiwa na upungufu, neno ambalo kwa mara ya kwanza lilinifurahisha. Niliporudisha diski, ilijaziwa yale tu yaliyobadilika ilipokuwa nje, jambo la muda mfupi.

Jaribio hilo lilinionyesha jambo jingine: bila kufungua `zpool status`, nisingejua kwamba natembea na diski moja, kwa jinsi kila kitu kilivyokwenda sawa. Kwa hiyo nikaweka anwani yangu kwenye mipangilio ya tahadhari ya seva, ili inijulishe diski ikifa, na kutuma barua pepe ya majaribio. Nikaingoja, nikaitafuta, nikaikuta kwenye folda ya taka. Nikaweka kanuni ya kuipitisha moja kwa moja, nikatuma nyingine, hiyo ikafika mahali pake.